Moyo wa mama utasimamishwa kwa potasiamu: je, utarudi kupiga?

Swali: "Mama yangu ana miaka 58 na uzito wa kilo 62. Vali yake ya aota inavuja sana, na tumeshapewa tarehe ya upasuaji wa kuibadilisha. Daktari alituambia moyo utasimamishwa kwa dawa yenye potasiamu, saa moja na nusu hivi. Tangu siku hiyo usingizi umenipaa. Mama ana kisukari, figo zake zimeanza kuchoka, na kliniki ya figo wametuonya mara nyingi kwamba potasiamu ikipanda kwenye damu moyo unaweza kusimama ghafla. Inakuwaje kitu kilekile tunachokikimbia ndicho atakachowekewa moyoni kwa makusudi? Muda wote huo atakuwa hai au amekufa? Na moyo ukikataa kuanza tena? Jamaa mmoja anasema barafu peke yake inatosha, mwingine anasema siku hizi moyo hufanyiwa upasuaji ukiwa unapiga. Tuombe ipi?"

Pole kwa wasiwasi, ndugu yangu. Walichowaambia kliniki ya figo ni kweli, na alichowaambia daktari wa upasuaji nacho ni kweli. Potasiamu ni ileile. Kinachotofautiana ni mahali inapowekwa, na nani anausukumia mwili damu wakati moyo umenyamaza. Mtu ambaye potasiamu yake imepanda akiwa nyumbani, moyo wake ukisimama, ubongo unakosa damu papo hapo. Mama yako hatakuwa katika hali hiyo hata kwa dakika moja. Kabla dawa haijamfikia moyoni, damu yake itakuwa tayari inazungushwa na mashine ya moyo na mapafu: inatolewa upande wa kulia wa moyo, inapitishwa kwenye chombo cha kuitia oksijeni, kisha inarudishwa kwa pampu kwenye aota, yaani mshipa mkuu unaotoa damu moyoni. Ubongo, ini na figo vinaendelea kupata damu. Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni fupi: atakuwa hai, amelala kwa dawa ya usingizi, na kuna mtaalamu ambaye kazi yake yote siku hiyo ni kuiendesha mashine hiyo na kuangalia vipimo vyake.

Sasa kwa nini moyo usimamishwe kabisa? Ili kuibadilisha vali ya aota lazima aota yenyewe ifunguliwe, na haiwezi kufunguliwa huku damu ikipita ndani yake. Daktari huibana aota kwa kibano, juu kidogo ya moyo. Juu ya kibano mwili unaendelea kupata damu kutoka kwenye mashine. Chini yake damu haifiki tena. Na mishipa ya koronari, ile inayoulisha msuli wa moyo wenyewe, inachipuka hapo hapo, juu tu ya vali, yaani chini ya kibano. Kibano kikifungwa, moyo umekatiwa chakula.

Hapo ndipo hatari ya kweli ilipo, na ningependa uihamishie hofu yako huko badala ya kwenye potasiamu. Moyo unaopiga kawaida hutumia takriban mililita 8 hadi 10 za oksijeni kwa kila gramu 100 za msuli kwa dakika. Ukiachwa upige bila kupata damu, akiba yake inaisha upesi sana: katika joto la kawaida la mwili, ndani ya dakika 20 hadi 40 seli zinaanza kufa na hazirudi. Moyo uliosimamishwa, katika joto lilelile, hutumia kama mililita 1 tu. Ukipozwa hadi nyuzi 22, matumizi yanashuka hadi kama mililita 0.3. Tazama hesabu hiyo vizuri: sehemu kubwa ya nafuu, karibu asilimia 90, inatokana na kusimama kwenyewe. Ubaridi unaongezea juu yake. Dawa hii, kitaalamu kadioplejia, inaulaza moyo mapema ili akiba iliyomo ndani ya seli isiliwe na mapigo yasiyo na faida.

Namna potasiamu inavyoulaza ni jambo la umeme. Kila seli ya moyo ikiwa imepumzika ina chaji hasi ndani, karibu milivolti 85 hadi 90 chini ya sifuri. Chaji hiyo inatokana na potasiamu kuwa nyingi ndani na kidogo nje: kwenye damu kawaida ni milimoli 3.5 hadi 5 kwa lita. Pigo la moyo linaanza pale milango ya sodiamu kwenye ukuta wa seli inapofunguka kwa ghafla na sodiamu ikaingia kwa kasi. Lakini milango hiyo ina tabia moja: baada ya kufunguka hujifunga, na haiwi tayari kufunguka tena mpaka chaji irudi chini kabisa. Ukiongeza potasiamu nje ya seli hadi milimoli 16 au 20 hivi, chaji inapanda na kukwama kati ya 60 na 50 chini ya sifuri. Milango ya sodiamu inabaki imejifunga. Hakuna pigo linaloweza kuanza, na msuli unasimama ukiwa umelegea. Nasisitiza neno umelegea, kwa sababu msuli uliokaza unatumia nguvu na unaibana mishipa yake wenyewe.

Je, kwa nini isiwekwe potasiamu nyingi zaidi ili kuwa na uhakika? Kwa sababu ikifika milimoli 30 hivi, chaji inapanda hadi karibu 40 chini ya sifuri, na hapo inafunguka milango mingine, ya kalsiamu. Kalsiamu ikiingia na kurundikana ndani ya seli, msuli unakaza, unaunguza akiba yake, na hali ikiwa mbaya unakuwa mgumu kama jiwe. Fani hii ililijua hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 1955 Denis Melrose na wenzake huko London walieleza jinsi ya kusimamisha moyo kwa sitreti ya potasiamu. Ilifanya kazi, lakini ukali wake ulikuwa mkubwa mno, misuli ikaonekana kuharibika, na njia hiyo ikaachwa kwa zaidi ya miaka kumi. Wakati huo mtafiti Bretschneider nchini Ujerumani alikuwa akitafuta njia nyingine, ya kupunguza sodiamu badala ya kuongeza potasiamu. Miaka ya 1970 potasiamu ilirudi kwa kipimo cha chini, na mchanganyiko uliotengenezwa katika hospitali ya St Thomas' ya London, wenye potasiamu milimoli 16 kwa lita, ukaenea duniani. Kipimo atakachopewa mama yako kinatokana na somo hilo.

Potasiamu haifanyi kazi peke yake. Katika mchanganyiko wa St Thomas' kuna magnesiamu nayo milimoli 16, inayoizuia kalsiamu isiingie ovyo. Kuna kalsiamu kidogo, milimoli 1.2, kwa sababu ukiiondoa kabisa ukuta wa seli unadhoofika na kalsiamu inaporudi baadaye inaubomoa. Kuna bikaboneti ya kupunguza asidi inayojikusanya kwenye msuli usiopata damu. Hospitali nyingi huichanganya dawa na damu ya mgonjwa mwenyewe, sehemu nne za damu kwa moja ya dawa, kwani damu inabeba oksijeni na inapunguza makali ya asidi vizuri kuliko maji ya chumvi. Mchanganyiko huo hurudiwa kila dakika 15 hadi 20, maana mishipa midogo inayotoka nje ya moyo huusuuza taratibu na kuupasha joto moyo hata aota ikiwa imebanwa.

Mchanganyiko wa pili, uitwao del Nido, uliobuniwa Pittsburgh, Marekani, kwa ajili ya mioyo ya watoto, umegeuza uwiano: sehemu nne za dawa kwa moja ya damu. Una lidokaini, ileile ya ganzi, inayoiziba milango ya sodiamu, pamoja na magnesiamu na manitoli. Hutolewa mililita 20 kwa kilo, kwa kawaida bila kuzidi lita moja, na dozi moja inaweza kutosha hadi dakika 90 hivi. Faida yake ni kwamba daktari hakatizwi kazi kila mara. Kasoro yake ni kwamba upasuaji ukirefuka lazima mtu akumbuke kuongeza. Kama mama amewahi kupata mzio kwa sindano ya ganzi, hata kwa daktari wa meno, mwambieni daktari wa usingizi. Aina ya tatu ndiyo iliyotokana na kazi ya Bretschneider: sodiamu milimoli 15 tu, potasiamu 9 au 10, na histidini nyingi ya kuzuia asidi. Nayo ni ya dozi moja, lakini ujazo wake ni mkubwa, mililita 20 hadi 25 kwa kilo, na sodiamu ya damu inaweza kushuka. Ukiniuliza ipi bora, jibu langu ni ile ambayo timu yake inaitumia kila wiki. Zote tatu hulinda moyo vizuri mikononi mwa wanaozizoea, na sioni sababu ya familia kudai moja.

Jambo linalomhusu mama yako hasa ni kuvuja kwa vali, na hapa nitakaa kidogo. Njia ya kawaida ya kuingiza dawa ni kuchoma sindano nene kwenye aota, chini ya kibano, na kuisukuma kwa shinikizo la milimita 70 hivi za zebaki. Vali ikifunga vizuri, dawa haina pa kwenda ila kwenye mishipa ya koronari, na ndani ya nusu dakika hadi dakika moja mapigo yanapungua, yanakuwa dhaifu, na mstari wa umeme wa moyo unalala. Vali ikivuja, dawa inarudi ndani ya chemba ya kushoto. Shinikizo kwenye aota halipandi, moyo unaendelea kutetema, na chemba inajaa na kuvimba kama puto. Daktari akiweka kiganja juu yake anahisi ugumu badala ya ulaini. Kuvimba huko kunaibana mishipa midogo ya tabaka la ndani la msuli, lile linaloumia kwanza. Na moyo uliovujiwa kwa miaka mingi kwa kawaida umetanuka na una msuli mwingi, kwa hiyo unahitaji dawa nyingi zaidi.

Kwa hali hiyo timu hubadilisha njia. Huweka mrija kwenye chemba ya kushoto, mara nyingi kupitia mshipa mmoja wa mapafu, ili kunyonya chochote kinachorudi. Kisha ama huifungua aota mapema na kuingiza dawa moja kwa moja kwenye midomo ya mishipa ya koronari kwa mirija midogo, ama hupeleka dawa kwa njia ya nyuma, kupitia mshipa mkuu wa vena za moyo. Njia ya nyuma ina sharti lake: shinikizo lisizidi milimita 40, kwani vena ni laini na hupasuka. Ina udhaifu pia. Upande wa kulia wa moyo haufikiwi vizuri kwa njia hiyo, maana baadhi ya vena zake humwaga kwingine. Ndiyo maana wengi huchanganya njia zote mbili. Hili ndilo swali ningependa mulipeleke kwa daktari bingwa wa upasuaji: "Kwa kuwa vali inavuja, dawa mtaiingiza kwa njia gani?" Atalijibu bila kusita, na jibu lake litawatuliza kuliko maelezo yangu.

Tuje kwenye figo. Dozi ya kwanza ya lita moja inabeba potasiamu kama milimoli 16 hadi 20, na baada ya kuusimamisha moyo sehemu kubwa yake huingia kwenye mzunguko wa mwili. Kwa mtu wa kilo 62, maji yaliyo nje ya seli ni lita 12 hivi, kwa hiyo potasiamu ya damu inaweza kupanda kwa milimoli 1 hadi 1.5 kwa lita ikiwa hakuna kinachofanyika. Figo nzima huitoa kwenye mkojo. Figo zilizochoka huchelewa, na dozi zikirudiwa inajikusanya. Lakini wakati huo mama atakuwa ameunganishwa na mashine, na damu yake itakuwa inapimwa mara kwa mara. Timu inaweza kuinyonya dawa inapotoka kwenye vena za moyo na kuitupa badala ya kuirudisha, inaweza kuunganisha kichujio kwenye mashine na kutoa maji yenye potasiamu, na inaweza kutumia insulini pamoja na glukosi kuisukuma potasiamu ndani ya seli. Kwa hiyo figo za mama hazimzuii kupata dawa hii. Zinaifanya timu ijipange tofauti. Ila lazima wawe na vipimo vya karibuni. Kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, ya miezi mitatu iliyopita haitoshi.

Barafu peke yake haitoshi. Moyo unaopozwa bila kusimamishwa kwanza hutetemeka na kuendelea kula akiba. Barafu iliyosagwa inaweza kuwekwa juu ya moyo kama nyongeza, lakini ikigusa neva inayoshuka kando yake kuelekea kwenye kiwambo cha kupumulia, neva hiyo inaweza kupooza kwa wiki au miezi, na mgonjwa akahema kwa shida. Wengi wameipunguza kwa sababu hiyo. Upasuaji wa moyo unaopiga upo kweli, lakini ni wa kuunganisha mishipa ya koronari, kazi inayofanyika juu ya moyo kwa nje. Vali ya aota iko ndani ya bomba kuu la damu, kwa hiyo njia hiyo haimhusu mama. Labda jamaa yako alimaanisha vali inayopitishwa kwenye mshipa wa paja. Hiyo haihitaji kusimamisha moyo kwa dawa, lakini ilibuniwa kwa vali zilizokaza kwa chokaa, na chokaa hiyo ndiyo inayoishika vali mpya. Vali inayovuja bila chokaa haina cha kushikia, na vifaa maalumu vya kazi hiyo havipatikani kila mahali. Kwa umri wa miaka 58, kama hana sababu nyingine ya kutofunguliwa kifua, upasuaji wa wazi ni ushauri wa busara.

Na moyo ukikataa kuanza? Kumbuka kwamba kinachoushikilia usimame ni potasiamu iliyouzunguka. Kibano kikiondolewa, damu yenye joto inaingia kwenye mishipa ya koronari na kuisuuza. Timu nyingi hutanguliza dozi ya damu vuguvugu dakika chache kabla. Msuli uliokuwa umepauka unarudi rangi yake, unatetemeka, na mara nyingi pigo la kwanza linakuja lenyewe. Ukibaki unatetemeka bila mpangilio, unapewa mshtuko mdogo wa umeme moja kwa moja juu yake, joule 10 hadi 20, kidogo sana kuliko unaotolewa juu ya kifua. Ukipiga polepole, kuna nyaya nyembamba zinazoshonwa juu ya moyo na kutokezwa nje ya ngozi ili kuuongoza kwa siku chache. Mtakapoziona wodini msishtuke.

Kinachosumbua zaidi kuliko kutoanza ni kuanza kwa unyonge. Damu inaporudi, inakuja na oksijeni na kalsiamu kwa seli zilizokuwa na njaa, na baadhi yake zinaumia kwa kurudishiwa huko. Moyo unaweza kupiga kwa nguvu pungufu kwa saa kadhaa, na mara nyingi unyonge huwa mkubwa zaidi saa 4 hadi 6 baada ya upasuaji, kisha hupungua ndani ya siku moja au mbili. Ndiyo maana wagonjwa wengi hutoka chumba cha upasuaji wakiwa na dripu ya dawa ya kuutia moyo nguvu. Kwa wachache unyonge unakuwa mkubwa na mashine inabidi isaidie kwa siku kadhaa, na wapo wanaofariki. Sitakuficha hilo. Hatari hiyo huongezeka kadiri kibano kinavyokaa, hasa kikipita saa mbili, na kadiri moyo ulivyokuwa umechoka kabla. Na moyo ukihitaji betri ya kudumu ya kuongoza mapigo baadaye, mara nyingi si kosa la dawa: nyuzi za umeme za moyo zinapita karibu sana na mahali vali inaposhonwa.

Kabla ya tarehe, peleka mambo haya kliniki ana kwa ana: potasiamu na kreatinini zipimwe upya, sukari idhibitiwe, na meno yakaguliwe, maana jino lililooza linaweza kupeleka bakteria kwenye vali mpya. Baadhi ya vidonge vya kisukari husimamishwa siku kadhaa kabla ya upasuaji. Mpeleke na vidonge vyote alivyonavyo, daktari achague vipi visimame na lini, msijiamulie nyumbani. Msisubiri tarehe kama mama akianza kuhema akilala chali, akizimia, akipata homa, akivimba miguu haraka, au mkojo ukipungua. Na kama anahisi misuli imelegea ghafla au mapigo yanaruka-ruka, siku hiyohiyo mpeleke hospitali inayoweza kupima potasiamu na umeme wa moyo, mchana au usiku.